Mwaka Tuliomnunulia Anjela Umeme

Baba mdogo tulimzika Jumanne. Siku ya tatu, wageni wa Mahenge wameshapanda basi na turubai limeshafunguliwa, mama mdogo aliniita chumbani akafunga mlango kama mtu anayetaka kukopa. Hakutaka kukopa. Alitaka nimwambie kama abaki na umeme wa LUKU, ule wa kununua uniti kabla, au akubali sola ya wale vijana wa pikipiki, wanaokufungia leo na kukudai kidogo kidogo kwa simu mpaka usahau ulianza lini. Sasa yuko peke yake, alisema, ana taa mbili, redio, na friji ambalo ndani lina maji na nusu ya kabichi. "Wewe Skola ndiye mwenye hesabu," akaniambia. "Nipigie hesabu nijue." Nikatoa simu, nikafungua kikokotoo, nikakifunga tena. Nimeuza mitumba maisha yangu yote ya utu uzima. Nimepatana bei na watu wa Kariakoo ambao wangeweza kuniuzia gauni nililovaa, na sikutoka jasho. Lakini mtu akiniuliza umeme au sola, naogopa. Swali hilo niliulizwa katika nyumba ileile, kwenye mkeka, nikiwa na miaka ishirini, na siku hizo jibu likikosewa kuna mtu anakufa, na mtu huyo alikuwa ananiegemea begani akila wali.

Nitaeleza mwaka huo mmoja tu. Nilikujaje kuishi kwao ni habari ndefu isiyo na faida kwa msomaji wala kwangu. Itoshe kwamba nilikuwa na meza ya nguo za watoto katika soko la Ifakara, na nililala kitanda kimoja na binti yao Anjela, mtoto wa miaka kumi, yeye upande wa ukutani na mimi upande wa mlango. Masika iliyotangulia walikuwa wote shamba, ng'ambo ya mto, kwenye dungu, yaani kile kibanda cha miti ambacho watu wa bonde letu hukiinua juu ya nguzo ili maji na nguruwe wapite chini. Familia nzima huhamia huko mpunga unapopandwa na hairudi mjini mpaka uvunwe. Nyumba ya mjini hubakia na popo. Huko ndiko Anjela alikoanza kunywa maji kama ng'ombe, akakonda, mwishowe akazimika, na waliomvusha kwa mtumbwi walidhani wanavusha maiti. Hospitali wakasema ni kisukari, kile cha watoto, kinachotaka sindano ya insulini asubuhi na jioni siku zote za maisha. Nesi alisema mambo mengi siku ile. Sisi tulisikia mawili: asipochomwa atakufa, na dawa ikae mahali pa baridi. Mahali pa baridi, Ifakara. Nesi mwenyewe alikuwa anajipepea na faili.

Mwanzoni chupa ya Anjela ililala dukani, mtaa wa tatu, ndani ya friji la soda. Asubuhi naifuata, naileta imefungwa kitambaa kibichi, anachomwa, nairudisha, jioni hivyohivyo. Mwenye duka hakutudai kitu, na jambo hilo lilinitisha, kwa sababu kitu cha kulipia unajua kinakwisha lini, cha bure hujui. Kikaisha siku ya Alhamisi. Nilifika asubuhi nikakuta kufuli. Mwenye duka ameitwa msibani Mang'ula tangu jana yake usiku. Nilirudi kumwita mama mdogo, naye akaja na Anjela, tukakaa watatu kwenye ngazi ya duka tukilitazama kufuli. Ndani tulisikia friji linaunguruma vizuri kabisa. Mama mdogo alikuwa mwanamke wa sala za novena na adabu, lakini asubuhi ile aliniuliza kwa sauti ya chini kama nyundo ya jirani ni nzito. Jua likapanda. Anjela akaanza kuomba maji, kikombe baada ya kikombe, na kila alipoomba tuliangaliana. Mwenye duka alirudi saa tisa na gari la mchele, akatukuta hapohapo, akaomba radhi mpaka akatutia aibu. Jioni ile baba mdogo aliweka tonge chini akasema mtoto hawezi kuishi kwa funguo za mtu mwingine.

Ndipo mizani ikaanza. Wiki nzima tulikula samaki wa kuchemsha na wali tukipima, na mimi, kwa kuwa sokoni walinijua kama mtu wa kuhesabu chenji mara mbili hata ya padri, ndiye niliyetumwa kuuliza bei. Baba mdogo alitaka sola. Sababu yake ilikuwa nzuri: nusu ya mwaka hatuko mjini, sasa kwa nini auze mpunga aweke umeme kwenye nyumba ya popo? "Sola naifunga kwenye baiskeli naenda nayo shamba," alisema. "Nguzo ya umeme utaifunga wapi?"

"Na friji utalifunga wapi?" mama mdogo akamjibu. "Kichwani kwangu?"

Muuza sola alikuwa na kibanda mkabala na meza yangu, kijana mwenye maneno laini. Nilimuuliza kama paneli yake inaendesha friji, akasema ndiyo. Nikamuuliza mara ya pili, akasema inategemea friji. Mara ya tatu nikamwambia ndani ya friji kuna dawa ya mtoto, akaacha kutabasamu. Akakiri kwamba ile ya kubeba kwenye baiskeli ni ya taa tatu, redio na kuchaji simu. Ya kubeba friji usiku na mchana, siku za mawingu nazo zikiwemo, inataka paneli za kufunika bati lote na betri ambazo bei yake ni pikipiki mpya, na betri hizo huchoka, zikichoka unanunua pikipiki nyingine. Nilimshukuru kwa ukweli na kwa mara ya kwanza maishani nikaondoka bila kuomba apunguze. Nikauliza friji la gesi, mtungi wake ulikuwa ukipatikana siku ukijisikia. Nikauliza jenereta, nikapiga hesabu ya petroli, nikapiga tena nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Ukabaki umeme wa nguzo, ule unaofuliwa kwenye bwawa la Kidatu, karibu na sisi kiasi cha mtu kupanda basi asubuhi na kurudi jioni, ukatupita kichwani kwenda kuwasha miji ya watu.

Tatizo la nguzo lilikuwa nguzo. Ya mwisho ilisimama mbali na kwetu, na ili umeme utufikie ilibidi mtu alipie nyingine za kuunganisha. Mtaa mzima ulikuwa unautaka umeme huo kwa miaka, na mtaa mzima ulikuwa unangojea atokee mmoja mwenye shida kubwa kuliko wengine alipie, halafu wote wajishikize kwake. Hakuna aliyelisema, ila kila mtu alilijua, na mwaka ule mwenye shida kubwa alikuwa baba mdogo. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba mchango. Alipewa chai. Akauza mpunga wakati ambao hakuna mkulima mwenye akili anayeuza, bei ikiwa imelala chini, na mimi nilikwenda naye kwa wanunuzi nikamwomba kitu kimoja tu, asizungumze. Mnunuzi akiisikia sauti ya mtu mwenye mgonjwa, anashusha. Niliwabana nilivyoweza, lakini uso wake ulikuwa unaongea. Akabakiza gunia la mbegu na chakula cha kututoa mpaka mwaka mpya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msimu ujao hauna mjadala: ama twende shamba, ama tule bati la nyumba.

Umeme ukaja mwanzo wa vuli. Majirani walitupongeza, na kabla mwezi haujaisha watatu walikuwa wameshavuta waya kutoka kwenye nguzo zetu. Friji nililinunua mimi, la mkono wa pili, kwa fundi aliyeapa kwa majina ya watakatifu ambao nadhani wengine aliwabuni. Mpira wa mlango ulikuwa umechoka, tukauongezea ukanda wa tyubu ya baiskeli. Tuliliweka sebuleni chini ya picha ya Bikira Maria. Ndani yake, kwenye rafu ya kati, kulikuwa na chupa ya dawa ya Anjela na hakuna kingine, maana mama mdogo alikataza hata maji ya kunywa yasije yakaiba ubaridi.

Watu husema ukishapata ulichokuwa unakitaka hofu hupungua. Yetu ilihamia sebuleni. Friji lile lilikuwa linaunguruma, halafu linanyamaza lenyewe kwa muda, kama mafriji yote, lakini sisi hatukuwa tumewahi kuishi na friji, na kila liliponyamaza mtu mmoja kati yetu alisimama. Tulijifunza kuongea kwa sauti ya chini ili tulisikie. Ukutani kulikuwa na mita ya LUKU na namba zake nyekundu zinazoshuka, na nilimkuta baba mdogo zaidi ya mara moja amesimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo la kesi yake. Mama mdogo akaona taa zinakula uniti za friji. Akazifungua balbu, akazifunga kwenye gazeti, akaziweka kabatini. Ndivyo ilivyokuwa: katika nyumba iliyowalipia watu nguzo, yenye mita na waya mpya, tulikuwa tunakula kwa kibatari. Mgeni mmoja aliuliza kama umeme umekatika. Baba mdogo akamjibu upo, ila unafanya kazi nyingine.

Nikitazama nyuma naona tulikuwa tumepima kila kitu isipokuwa upepo. Wiki moja hivi kabla ya Krismasi mvua ya kwanza kubwa ilikuja na kimbunga kidogo mchana, kikaangusha mti juu ya waya na nguzo mbili zikalala njiani. Friji likanyamaza. Tulikaa tukilisubiri. Mafundi walikuja, wakaangalia, wakasema itachukua siku kadhaa, nguzo zimeanguka mahali pengi. Dukani nako giza, mtaa wote giza. Mama mdogo akafungua mlango wa friji akaufunga haraka, akaufungua tena kuhakikisha ubaridi haujatoka, na kwa kufanya hivyo akautoa.

Aliyetuokoa, tukadhani, alikuwa jirani yetu Mama Shukuru. Yeye alikuwa anachuuza samaki wa mtoni, kambale na kitoga, na alikuwa na kasha kubwa la barafu iliyoletwa na gari. Sasa wachuuzi wa samaki Ifakara wana ufundi wao: barafu peke yake inayeyuka upesi kwenye joto letu, kwa hiyo wanaichanganya na chumvi ya mawe, na hapo inakuwa kali kiasi kwamba samaki wanashikana kama matofali. Tulikwenda kwake wote. Aliifunga chupa ya Anjela kwa nailoni mbili, akaitafutia nafasi katikati kabisa ya kasha, chini ya kitoga wakubwa, akaongeza chumvi konzi mbili kwa heshima ya mtoto. "Hapa hata ingekuwa maiti ingengoja Pasaka," alisema, nasi tukacheka, baba mdogo akacheka mpaka akafuta macho. Jioni tulipoichukua ilikuwa imeganda, nyeupe ndani. Tulifurahi. Mama mdogo aliipasha kwenye kiganja mpaka ikarudi maji, akapima kwenye sindano, akamchoma mwanawe, akasema tangu apewe dawa hii haijapata kuwa na baridi nzuri kama leo. Hakuna mtu wa bonde lile ambaye angefikiri tofauti. Kinachooza huwekwa barafuni, na barafu ikizidi ndiyo usalama umezidi. Tumelelewa hivyo na samaki.

Siku ya pili Anjela aliamka usiku kwenda haja, akaamka tena. Siku ya tatu alikunywa ndoo ya maji ya kuoshea vyombo kabla hatujamwona. Sindano alikuwa anachomwa, asubuhi na jioni, mbele ya macho yetu wote, na hilo ndilo lililotuchanganya, maana kama dawa anapata, basi kuna mtu anampa sumu. Hofu ikikosa pa kushika inashika watu. Mama mdogo aliniuliza, bila kunitazama, kama sokoni huwa nampa soda. Nikamwambia sijampa. Aliniuliza tena baada ya chakula kwa maneno mengine, nami nikajua yeye pia anahesabu mara mbili. Baba mdogo alimkataza mtoto wali, kisha maharage, kisha akakataza hata ndizi mbichi, mpaka Anjela akauliza kwa upole kama bado anaruhusiwa chumvi. Mimi nilikuwa nalala naye, kwa hiyo mimi ndiye niliyeisikia harufu. Alfajiri ya siku ya nne alinigeukia, na pumzi yake ilinuka embe lililoiva likapitiliza, wakati kwetu hapakuwa na embe. Nilimtikisa. Akafungua macho, akayafunga.

Bajaji ilitupeleka hospitali kwenye matope, mama mdogo amempakata, mimi nimebana chupa kifuani ndani ya mfuko wake wa nailoni kwa sababu sikujua kitu kingine cha kubeba. Walimchukua wakamwekea dripu. Kulikuwa na benchi la chuma nje ya wodi, na baba mdogo alikaa pale na kofia yake mapajani, akiizungusha, akiizungusha, mpaka nikatamani kumnyang'anya. Nesi wa kliniki ya kisukari, yuleyule wa faili, akatoka kutuuliza maswali. Tulijibu yote kama wanafunzi wazuri: anachomwa, ndiyo, kwa saa zake, ndiyo, kiasi kilekile. Akaomba kuiona dawa. Nikampa. Aliitoa kwenye nailoni, akasita, akaisogeza puani.

"Mbona inanuka samaki?"

Mama mdogo akamweleza kwa fahari, yote, kasha, kitoga, chumvi konzi mbili, jinsi ilivyokuwa inaganda ngumu kama jiwe. Uso wa nesi ulibadilika kabla hajamaliza. Alikaa kwenye benchi katikati yetu, ndipo akasema kwamba insulini ikishaganda imekufa, na ikiyeyuka haifufuki. Mnachomchoma ni maji. Hakutugombeza, angetugombeza ingekuwa nafuu. Nilimwona mama mdogo akifungua kiganja chake, kile alichokuwa anapashia dawa, akakiangalia.

Anjela alirudi kwetu polepole, siku mbili za kutojua, kisha siku moja ya kunywa uji, kisha akaomba mtu amletee madaftari yake ili aone kama nimeyaibia kurasa za kupigia hesabu. Krismasi ilitukuta wodini. Kabla hatujaruhusiwa nesi alitufundisha jambo moja alilosema wanafundisha watu wa vijijini: vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga uloweshwe asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Ubaridi wake si wa friji lakini unatosha kwa chupa moja inayotumika, mwezi hivi. Za akiba zitabaki kliniki, mtu afuate mpya kila mwezi. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Sista, sisi tumeuza mpunga wote tukanunua umeme," alisema. "Ulikuwa unangoja nini na vyungu?"

Nesi akasema friji ni zuri, umeme ukiwapo na mtu wa kuongeza uniti akiwapo. Je, mtakuwapo? Januari ilikuwa mlangoni, na gunia la mbegu lilikuwa linatungoja nyumbani.

Hiyo ndiyo mizani ya pili, na sikutumwa kuuliza bei popote. Anjela akibaki mjini, anabaki na friji, hospitali iko karibu, lakini mimi niko sokoni mchana kutwa na upepo mwingine unaweza kuja saa nitakayokuwa nabishana na mtu kuhusu suruali. Akienda shamba, ana mama na baba, lakini mto uko katikati, na siku hizo hapakuwa na daraja, kulikuwa na pantoni ambayo maji yakijaa haivuki. Mchana mmoja mvua ilikuwa inapiga bati, nimejilaza chumbani na mtoto, na kuta za nyumba ile hazikufika darini, kwa hiyo nilimsikia baba mdogo upande wa pili. Sikuwa nimewahi kusikia mwanamume wa umri wake akisema neno lile.

"Mimi naogopa," alimwambia mkewe. "Nikimwacha hapa naogopa, nikienda naye naogopa. Siwezi kuogopa sehemu mbili. Tuogope sehemu moja, wote."

 Nikamsikia mama mdogo akifungua kabati, anatafuta vyungu.

Kwa hiyo mimi nami nilifunga meza yangu. Friji tulilichomoa, tukaliacha mlango wazi na kipande cha ubao ili lisinuke, na baba mdogo aliigusa mita kwa kidole alipokuwa anatoka, namba zake zimesimama. Tulivuka na pantoni mchana, Anjela amekaa juu ya gunia la mbegu, mimi nimepakata chungu kilicho na chupa moja kama mwenye kubeba ekaristi, nikimwambia kila aliyenisogelea asogee. Mkulima mmoja aliuliza kuna nini humo cha kulindwa hivyo. Nikamwambia pikipiki mpya.

Dungu lilikuwa limeegemea upande mmoja, tukaliinua. Mama mdogo akakichimbia chungu mahali chini ya sakafu ya fito, ambako upepo wa mtoni hupita siku nzima, akapiga marufuku kuku kukisogelea. Sasa tulikuwa na tatizo ambalo halina mizani. Dawa iliyokufa na dawa iliyo hai zinafanana. Tulikuwa tumemchoma maji siku tatu tukiyaona ni dawa. Kipimo cha damu kilikuwa hospitali tu, na kati yetu na hospitali kulikuwa na nusu siku ya mguu na mto. Mchanga ule unatosha? Joto la safari limeiharibu? Mama mdogo aliitazama chupa kwenye mwanga, akampa mumewe, akanipa mimi. Niliitazama upande huu na upande huu. Ningekuwa nanunua, nisingeinunua. Lakini hapakuwa na nyingine.

Akamchoma asubuhi ya kwanza, Anjela akala uji, tukashuka shambani. Hakuna aliyesema tunamwangalia. Baba mdogo alilima mistari iliyopinda kwa sababu kichwa chake kilikuwa kinageuka kila hatua. Mama mdogo alimpelekea maji ya kunywa bila kuombwa, makusudi, aone kama atayapokea kwa pupa; akanywa kidogo akayarudisha, na mama mdogo akarudi kwenye jembe hajui afurahi au asubiri. Anjela mwenyewe alikuwa anang'oa majani, anaimba, ananitania kwamba nashika jembe kama nashika hanga ya nguo. Jua likasimama. Uji ulikuwa umekwisha tumboni zamani, na chakula kilichelewa kwa sababu mpishi alikuwa ameganda kwenye tuta akimtazama mwanawe.

Nesi alikuwa ametuonya juu ya hofu ya upande wa pili: dawa ikifanya kazi na mtoto akachelewa kula au akafanya kazi nyingi, sukari inashuka mno, anatoka jasho la baridi, anatetemeka, na hapo apewe kitu kitamu upesi. Mimi ndiye niliyemwona akiacha kuimba. Alisimama katikati ya matope, akanyoosha mikono mbele akaiangalia kama ya mtu mwingine. Nilimfikia kwanza. Shingo yake ilikuwa imelowa.

"Dada Skola," alisema, "natetemeka."

Nilipaza sauti kumwita mama mdogo, naye akapanda ngazi ya dungu kutafuta sukari, nikamsikia anaangusha sufuria. Baba mdogo alikuja anakimbia ndani ya maji, jembe bado mkononi, akalitupa, akapiga magoti. Niliogopa kama sijawahi kuogopa mwaka ule, na yeye pia, nilimwona, midomo imekauka. Alimshika mwanawe mkono mmoja kwa mikono yake yote miwili. Mkono ulikuwa unatetemeka kweli. Dawa ilikuwa hai. Imekaa kwenye udongo na mchanga na maji ya mto, na ilikuwa hai, inafanya kazi yake mle ndani kupita kiasi. Mama mdogo akashuka na kikombe cha maji ya sukari, yanamwagika, anamwambia mumewe amwachie mtoto anywe. Hakumwachia mara moja. Aliinamisha kichwa akauweka mkono ule shavuni, akausikiliza, mpaka mkewe alipombandua vidole kimoja kimoja.